Miche arobaini chini ya mwembe wa mama

Mama alifagia uwanja wake kila alfajiri, baada ya sala, kabla jua halijagusa ukuta. Ufagio wa chelewa mkono wa kulia, mkono wa kushoto ameuweka mgongoni. Sauti ile ndiyo iliyoniamsha utoto wangu wote. Majani ya mwembe aliyakusanya pembeni akayachoma. Alipofariki mwaka 2021 nilirudi Lamu kutoka Mombasa kuishika nyumba, na kitu cha kwanza kunishinda kilikuwa uwanja huo.

Nyumba iko nyuma ya mtaa wa Langoni, pale mji unapokwisha na mashamba ya minazi kuanza. Uwanjani pana mwembe mmoja wa ngowe, mkubwa kuliko nyumba yenyewe. Kivuli chake ni cha kukaa watu ishirini. Lakini chini yake palikuwa hapamei kitu: ardhi ngumu kama sakafu, mizizi imetokeza nje hadi unajikwaa. Kusi ikivuma, vumbi liliingia ndani likatua kwenye vidaka, vile vishubaka vya ukutani. Mvua ikinyesha, tope liliteremka mpaka kizingitini. Nilitaka mmea wa kijani mwaka mzima, mfupi, wa kutandaa, usioogopa kivuli.

Naandika haya kwa sababu nilitumia zaidi ya shilingi elfu kumi na mwaka mzima kwa jambo ambalo lingeweza kunigharimu mia tano na masika moja. Tena karibu niuue mwembe, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Nilianza na ukoka. Ulishika wiki tatu, ukawa mwembamba kama nywele za mgonjwa, ukafa. Ukoka ni mtoto wa jua. Chini ya mwembe haukai, hata ukimwagiwa maji namna gani. Kisha mtu akaniambia nipande ule mmea wa kutambaa wenye maua ya manjano, wedelia, ambao unauona kwenye bustani nyingi za hoteli. Huo niliukataa, na hapo nilipatia. Asili yake ni Amerika ya kitropiki, na ukishatoka uani ukaingia mashambani hauna wa kuuzuia. Unafunika kila kilicho chini yake. Ukiwa umepakana na mashamba ya watu kama mimi, usiupande.

Mmea nilioutaka niliukuta Malindi, kwenye kitalu cha kando ya barabara, Januari 2023. Ulikuwa umejitandaza chini ya mti, majani ya kijani kilichoiva yanayong'aa, maua ya wekundu wa nyama ya tikitimaji. Kijana wa kitalu aliuita baleria tu. Jina lake la vitabuni ni Barleria repens. Neno la kwanza ni kumbukumbu ya mtawa wa Kifaransa wa karne ya 17, Jacques Barrelier, aliyekuwa mjuzi wa mimea. La pili ni Kilatini, maana yake ni "wenye kutambaa". Nililisoma neno hilo la pili nikalipita. Laiti ningelizingatia, kwa sababu siri yote ya mmea huu imo humo.

Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba si mgeni kwetu. Ni mmea wa Afrika Mashariki na kusini, kuanzia Kenya, Tanzania na Msumbiji hadi Afrika Kusini. Umezaliwa kwenye vichaka vyenye kivuli chepesi na joto kama letu. Nikasema huu ndio wangu. Nikanunua miche arobaini.

Hesabu yenyewe ilikuwa hivi. Miche, shilingi 100 mmoja, 4,000. Mzigo kwenye basi hadi Mokowe, kwenye gati la upande wa bara, 600. Boti, 250. Punda na kijana wa kupakia kutoka gatini, 400. Udongo mwekundu kutoka shambani, punda ishirini na nne kwa shilingi 150 kila mmoja, 3,600. Kibarua siku mbili, 1,600. Jumla 10,450. Nusu ya pesa hizo alinitumia kaka yangu kutoka Mombasa akiniambia, "Pendezesha mahali pa mama." Kwa hiyo hazikuwa pesa tu.

Kosa lilianzia kwenye basi. Miche ilifungwa juu ya kareja, na kutoka Malindi kupitia Garsen na Witu hadi Mokowe ni mwendo wa saa nyingi, jua la Januari na upepo wa gari vikiikausha pamoja. Ilipofika ilikuwa imelala. Nikadhani ni kiu, nikainywesha, nikaipanda siku ileile. Januari! Kaskazi imepamba moto, mvua za kweli ni za Aprili na Mei, na mimi natia ardhini mche uliotoka safarini. Ukilazimika kusafirisha miche, iweke ndani ya gari, ifunike gunia bichi, na ikifika ipe siku kumi mahali penye kivuli ndani ya vifuko vyake kabla ya kuipanda. Lakini bora usisafirishe miche kabisa. Nitafika huko.

Kosa la pili ni ule udongo. Ardhi ilikuwa ngumu na mizizi imejaa, jembe likidunda. Nikaona njia rahisi ni kumwaga udongo mpya juu, upate kina cha shubiri moja na nusu, miche ipate pa kushika. Tulimwaga kuzunguka mwembe wote, tukapandisha mpaka kwenye shina. Siku ile uwanja ulipendeza. Nilimpigia kaka picha.

Kosa la tatu ni maji. Kisima cha uwanjani kina maji ya chumvichumvi; sisi tunayatumia kuoshea tu. Ya bomba yanatoka Shela, kijiji cha jirani, kwenye visima vinavyolindwa na ile milima ya mchanga, na hayaji kila siku. Nikaona ni israfu kumwagilia maua maji ya kunywa, nikateka ya kisimani. Baada ya wiki mbili kingo za majani zikawa za kahawia kama zimepitiwa na moto, na juu ya udongo pakatanda weupe. Jirani yetu, mzee aliyekuwa mkwezi wa minazi, alipita akachovya kidole kwenye ndoo akaonja. "Mai haya yana munyu, mwanangu," akasema. Nikamwambia najua, Babu, lakini si mengi. Akanitazama tu.

Kufikia Machi miche thelathini na mmoja ilikuwa imekufa. Usiku mmoja punda wawili waliingia kwenye lango lisilofungika vizuri, wakagaagaa pale pale walipozoea kugaagaa miaka yote. Asubuhi nilikaa kizingitini nikalia. Sikulilia maua. Nililia kwa kuwa mama aliupokea uwanja ukiwa na uhai na mimi nimeufanya kaburi la vifuko vya plastiki.

Mwezi wa Julai mwembe ukaanza kupukutisha majani. Si yale ya kawaida, mazee, moja moja. Haya yalikuwa mabichi, yenye umanjano, na upande wa kibla tawi zima likabaki fito. Nilidhani ni wadudu. Nilikwenda dukani nikauziwa dawa, nikapulizia. Agosti hali ikazidi. Mzee akaja na jembe lake dogo, akachimbua pale penye shina, akanishika mkono akanigusisha gome. Lilikuwa laini, limelowa, linanuka. "Mti hunu una pumuzi," akasema. "Umeuzika."

Nimeielewa maana yake baadaye, na naieleza kama nilivyoielewa. Mizizi ya mti inayolisha haiko chini sana kama tunavyofikiri. Mingi iko karibu na uso wa ardhi, kwa sababu huko ndiko hewa iliko. Ukimwaga shubiri nzima ya udongo juu yake, unaifungia hewa. Na gome la shina halikuumbwa kukaa ndani ya udongo, likifukiwa, linaoza. Yaani nilifanya mambo mawili mabaya kwa wakati mmoja, tena kwa gharama.

Tuliuondoa udongo ule kwa mikono na kwa karai, siku tano, mimi na mzee na mpwa wangu. Jembe tuliliweka mbali kwa kuogopa kukata mizizi. Tuliacha unene wa vidole viwili tu, na kuzunguka shina tukaacha hatua moja wazi kabisa. Ukichukua neno moja tu katika maneno yangu, chukua hili: chini ya mti mkubwa usipandishe ardhi. Tafuta vipenyo baina ya mizizi, chimba vishimo vya ukubwa wa kikombe, panda hapo.

Katika kuondoa udongo ndipo nilipogundua jambo jingine. Miche tisa ilikuwa hai, na ilikuwa imefanya kazi bila mimi. Matawi yake yaliyolala chini yalikuwa yameota mizizi kila kifundo kilipogusa ardhi. Nilivuta tawi moja kutoa karai, likaja na vichipukizi vitatu, kila kimoja na mizizi yake myeupe. "Wenye kutambaa." Nilikuwa nimelipia arobaini, kumbe mmea wenyewe, ukipewa miche minne na muda, unajizalisha hadi arobaini.

Vuli ya mwaka ule ilikuwa ya El Niño, mvua kubwa, barabara ya Garsen ikakatika kwa mafuriko. Mahali palipofunikwa na ile miche tisa, udongo haukuondoka. Palipokuwa wazi, maji yalichimba mifereji. Nilisimama mlangoni na mwavuli nikitazama, na nadhani ndipo nilipoacha kuwaza juu ya urembo. Nilianza kuwaza juu ya ardhi.

Maana nilijiuliza: mizizi ya mwembe ilitokaje nje? Haikupanda. Ardhi ndiyo iliyoshuka. Kila alfajiri ufagio uliondoa vumbi kidogo, kila siku majani yalichomwa badala ya kuoza na kurudi udongoni, miaka arobaini. Ilinichukua muda kulikubali wazo hilo, kwa sababu ule ufagio ndio mama mwenyewe kwangu. Hakukosea. Kwetu uwanja uliofagiwa ni heshima ya nyumba, na ni njia ya kumwona nyoka kabla hajakuona. Lakini mti ulilipa.

Nikaacha kufagia chini ya mwembe. Majani yakianguka, yanabaki. Shangazi alipokuja alisimama langoni bila kuingia. "Mamako angeona hivi angesemaje?" Sikuwa na jibu siku ile. Tulikuja kupatana hivi: hatua mbili kutoka ukutani pande zote, na njia ya kutoka langoni hadi mlangoni, zinafagiwa kila siku mpaka ardhi inang'aa. Kutoka hapo kuelekea shina, ni baleria na majani makavu. Na baleria yenyewe naikata isizidi kimo cha goti, ili mtu aone kilichomo. Kwa yeyote mwenye watoto wadogo na hofu ya nyoka, mpaka kama huo unasaidia nyumba ikalala kwa amani.

Sasa uzalishaji wenyewe, ambao niliujaribu kwa njia mbili mwaka 2024.

Ya kwanza ni vipandikizi vya kukata, na hapo pia nilikosea kwanza. Nilichota mchanga ufukweni, nikajaza mikebe, nikachomeka vijiti thelathini. Vyote viliungua. Mchanga wa pwani una chumvi ile ile ya kisimani. Na wa milima ya Shela usiuguse hata ukiuona mtamu kiasi gani: mchanga ule ndio unaochuja mvua na kututunzia maji ya kunywa. Nilichukua mchanga wa shambani, mbali na bahari, nikauosha kwa maji ya mvua mara tatu, nikachanganya nusu kwa nusu na mboji ya majani ya mwembe niliyoyarundika tangu vuli.

Kata ncha ya tawi lisilokuwa na ua, urefu wa kidole cha kati na kidogo zaidi, lisiwe laini sana wala halijawa gumu kama mti. Kata chini kidogo ya kifundo, kwa kisu kikali. Ondoa majani ya chini, acha mawili au manne ya juu, na yakiwa makubwa yakate nusu. Chomeka vifundo viwili ndani ya mchanga. Nyunyiza, kisha funika kwa chupa ya maji ya lita tano iliyokatwa kitako. Hiyo chupa iwe kivulini daima. Mara moja niliisahau karibu na ukuta wa magharibi, jua la alasiri likaipata saa mbili tu. Nilipofungua, majani yalikuwa yamepikwa. Na usiloweshe mpaka mchanga ukatota: shina likiwa jeusi chini, umemwagilia kupita kiasi. Mimi nilikuwa pia na tabia ya kuvuta kijiti kila baada ya siku mbili kutazama kama kimeota. Kila ukivuta unakata nywele za mizizi zilizoanza. Subiri wiki tatu, kisha kiguse kidogo, kikishika, kimeota.

Maji niliyatoa kwenye birika la bafuni, lile hodhi la kujengewa la kuwekea maji. Nyumba yetu ni ya kizamani na birika bado lipo, na visamaki vyake vya kula viluwiluwi vya mbu. Tuliliunganisha na mfereji wa paa likipokea mvua. Kata moja ya maji kwa mikebe kumi, asubuhi, yanatosha.

Kwa njia hiyo, kati ya vijiti ishirini na nne, kumi na saba viliota. Nilifurahi kama mtoto.

Lakini njia ya pili ndiyo ninayoipenda, na ndiyo ninayompa kila anayeniuliza. Subiri mvua za Aprili zianze kweli, ardhi ilowe shubiri nzima. Chukua tawi refu la mmea ulioshika, lilaze upande unaotaka liende. Pale penye kifundo, kwaruza ardhi kwa kidole, weka mboji ngumi moja, ukandamize kifundo humo, na juu uweke jiwe la ukubwa wa embe. Basi. Tawi bado linalishwa na mama yake, kwa hiyo hata mvua ikikatika wiki moja halifi. Baada ya mwezi mmoja na nusu ondoa jiwe. Likishika, unaweza kulikata na kulihamisha, au kuliacha liendelee. Masika ya 2024 niliweka mawe hamsini na mawili. Yaliyokataa hayafiki kumi. Gharama: hakuna, ila magoti yangu.

Umbali niliouona unafaa ni mkono mmoja kutoka mmea hadi mmea. Unaonekana ni mwingi, watu wanasongamanisha, halafu mwaka wa pili vinagombana. Baada ya kutoa maua, punguza theluthi. Usipokata, mashina yanazeeka, yanakuwa miti mitupu katikati. Vipande ulivyokata ndivyo vijiti vyako. Mbegu nazo hujimwaga zenyewe: vibumba vyake vikikauka hupasuka kwa kishindo kidogo na kurusha mbegu mbali, na mpwa wangu huvisikiliza mchana.

Kivuli kisizidi, lakini. Pale katikati kabisa, jua halipenyi hata doa, baleria inaishi ila inakuwa ndefu na dhaifu na haitoi ua. Tulipunguza matawi mawili madogo ya mwembe kuruhusu mwanga wa madoadoa, ikabadilika. Na upande ulipoanguka ukuta wa zamani, majani yalikuwa ya manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Nilinunua mbolea ya dukani, nikazidisha, ikaunguza. Tatizo halikuwa njaa. Ni chokaa ya ule ukuta, inayoizuia mizizi isipate madini ya chuma hata kama yamo ardhini. Nilitoa vifusi, nikatia mboji kila mwezi, na mwaka ulipopita majani mapya yakatoka kijani. Samadi ya punda inafaa, tena hapa kwetu ni ya bure, ila iache ioze miezi mitatu au minne. Mbichi inaunguza, na inaleta magugu usiyoyajua.

Kuhusu punda wenyewe: nilitengeneza lango kwanza, jambo ambalo ningepaswa kulifanya kabla ya senti nyingine zote. Na nje ya ukuta, upande wa barabara, niliwaachia kipande cha mchanga cha kugaagaa. Wanakwenda huko.

Sasa ni mwaka wa tatu. Robo tatu ya uwanja imefunikwa. Karibu na kisima hapajashika, nadhani chumvi imeingia ardhini, na nimeamua kupaacha mpaka mvua nyingi zipite hapo. Vumbi limepungua sana ndani ya vidaka. Nafagia njia na ukingo kila alfajiri, kwa ufagio uleule wa chelewa.

Mwembe umerudisha majani isipokuwa lile tawi la kibla. Mzee ananikataza kulikata. Juzi alilikwaruza kwa ukucha, chini ya gome pakaonekana ukijani mwembamba kama uzi, akaniambia tungoje kaskazi nyingine tuone kama litatoa ua.